Ndala, Dera, Dada

Siku waliyomletea ndala ndo Yonathani alilia.

Brayson alizivuta toka chini ya kitanda, zile za bluu, kamba moja imeshonwa kwa uzi wa viatu, akaziweka mbele ya baba yake kama machinga anayebembeleza mteja. "Hizi hapa mzee. Ndala zako. Tumekuelewa."

Yonathani akaziangalia. Akaangalia dari. Chozi likatoka jicho la kushoto. Jicho la kulia tangu kiharusi kimpige lilikuwa linatoa maji lenyewe tu, bila sababu, kwa hiyo hilo hakuna aliyekuwa analihesabu. La kushoto lilikuwa kilio kabisa.

"Siyo ndala," Idda akasema akiwa mlangoni, bakuli la uji mkononi.

"Si kasema ndala, mama? Umesikia mwenyewe. Nda-la."

"Mimi nimesikia tala."

"Lara," akasema Rejoice, dada yake Brayson, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na simu yake. "Mi nasikia lara. Baba, hebu sema tena."

Yonathani akalisema tena. Mdomo ulijivuta upande mmoja kama pazia bovu, ulimi ukasogea, neno likatoka limelowa. Kila mmoja mle chumbani akasikia la kwake. Halafu Idda akakaa, akapuliza uji, akapeleka kijiko. Yonathani akafunga meno.

Hapo ndo palikuwa na shida yenyewe. Kuongea watu wanaweza kuishi bila kuongea. Lakini mtu alikuwa hali. Maji kidogo anakubali, ukimbana sana, chakula hataki. Kinakuja, anakitazama, anasema lile neno lake, anafunga mdomo. Nesi Anneth wa pale zahanati, binti wa Tabora aliyekuwa anapita kumwona jioni akitoka kazini, alishamwambia Idda pembeni, karibu na karo la vyombo: "Mama, koo lake zima. Kumeza anaweza. Huyu amegoma. Akiendelea hivi itabidi arudishwe wodini awekwe mpira wa puani, na mimi nikwambie ukweli, wengi wanaorudi hivyo siwaoni tena."

Idda alisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Pale Mahongole walipokuwa wanakaa, asubuhi ukiacha mlango wazi, ukungu unaingia mpaka sebuleni unakaa na nyie. Unaona makochi kwa mbali kidogo, kama yapo kwa jirani. Ndani ya kichwa cha Yonathani nako kulikuwa hivyohivyo. Maneno yote yalikuwepo, halijapotea hata moja. Alikuwa anayaona yamesimama huko mbele kama ng'ombe kwenye ukungu, na kila ng'ombe anamjua. Anamwendea mmoja taratibu, anamshika pembe, anamvuta mpaka mdomoni. Akifika anakuta amevuta mbuzi. Anarudi tena. Mchana kutwa anatembea humo, miguu yote miwili mizima, nyasi zimelowa, haumwi popote. Halafu anasikia "baba, baba, kula", anafungua macho, mguu wa kulia haupo tena, kuna mzigo tu umelazwa pale.

Huyu ndo mtu ambaye pale Makambako mjini kila fundi anamjua. Duka la misumari, mabati, rangi. Anaongea na wateja kumi kwa mara moja, na matani juu. Nyumbani kwake sheria ilikuwa moja: Kiswahili. Mke alimpata Singida, Mnyaturu, watoto wamezaliwa mjini, basi akasema lugha iwe moja, tusigawane vyumba. Kikinga cha kwao Makete alikiacha hukohuko milimani. Idda anajua cha kununulia viazi tu. Watoto hata hicho hawana.

Tangu augue duka limefungwa. Wageni wakija kumwona anafumba macho, anafunga na mdomo, wanamwombea, wanakunywa chai, wanaondoka wakisema amelala. Anaona aibu. Neno lake analisema kwa watu wa ndani tu.

Rejoice alikuwa amemaliza stashahada ya kompyuta, yupo nyumbani anasubiri ajira, na kusubiri kulikuwa kumemkalia vibaya. Mradi wake wa mwisho chuoni ulikuwa wa kutafuta majina. Kwenye zahanati mtu mmoja anaweza kuwa na mafaili matatu: leo kaandikwa Elius, mwezi ujao Eliasi, mwakani Eliyasi. Hosea huyu, Osea huyu. Basi alitengeneza programu inayoacha kuangalia herufi inasikiliza sauti. Alipata alama nzuri, akapigiwa makofi, ikaishia hapo. Usiku ule wa ndala akaifungua tena.

"Unafanyaje sasa?" Brayson akamuuliza. Alikuwa ameegemea mlango wa jikoni anakula ukoko.

"Naweka makapu. Sauti zinazofanana nazitupa kapu moja. R na L kapu moja, si unajua huku kwetu hamna anayezitofautisha."

"Sema nyie. Mi natofautisha."

"Haya sema rula."

"Lula."

"Asante."

Brayson akamrushia kipande cha ukoko.

"S na th kapu moja. Z na dh kapu moja. Halafu baba ulimi umelegea, kwa hiyo yeye namwekea kapu lake maalumu: d, t, nd, r, l, zote humo. Irabu siziamini sana. Halafu naiambia, lete maneno yote ya Kiswahili ambayo ukiyatia kwenye makapu yanafanana na hili analosema. Lile ambalo likibadilishwa herufi chache linakuwa hili, likae juu."

"Na nani kakupa maneno yote ya Kiswahili?"

"Yapo. Nimepakia kamusi nzima."

Akabonyeza. Simu ikafikiri kidogo. Orodha ikashuka kama maji ya bati: lala, ndala, dada, dola, dera, tele, tatu, rudi, dodo.

"Dola!" Brayson akapiga paja. "Mzee anataka dola."

"We mjinga."

"Basi dera. Mama! Mama eee! Baba anataka dera!"

Idda alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, mara ya kwanza tangu mumewe aanguke pale dukani, halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine akaenda nacho nje, kwenye upepo, akarudi uso umeoshwa.

Asubuhi Rejoice akakaa kitandani na simu, akaanza kusoma moja moja, taratibu, kama mtu anayeita majina kanisani siku ya kipaimara. Lala. Yonathani alikuwa amefumba macho. Dola. Dera. Tatu. Hakuna. Brayson alisimama miguuni, Idda mlangoni.

"Dada," Rejoice akasoma.

Macho yakafunguka. Mkono wa kushoto ukatoka chini ya blanketi ukamkamata Rejoice kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo hawakujua kama bado ipo. Akalisema lile neno, na safari hii wote watatu walisikia kitu kimoja.

"Dada," Rejoice akarudia. "Ni dada, baba? Ndo hilo?"

Kichwa kikashuka, kikapanda. Machozi, macho yote mawili.

Dada Yonathani alikuwa naye mmoja tu duniani.

"Flora," akasema Idda, kama mtu aliyekwamwa na mfupa.

Flora alikuwa anauza mablanketi na vitenge sokoni Njombe, mwendo mdogo tu, lakini kati ya nyumba hizo mbili hakuna aliyekuwa amevuka kwa miaka. Baba yao mzee Nikodemo alipofariki kule Makete, Flora alikuwa Songea. Mvua ikaharibu barabara. Wazee wakasema marehemu amekaa sana, Yonathani kama mtoto mkubwa akasema haya, tuzike. Flora alifika jioni, matope mpaka magotini, akakuta udongo umeshapigwapigwa na maua yamewekwa. Hakulia. Alimwambia kaka yake neno moja tu, "Hukuweza kunisubiri," akageuka. Kuanzia hapo hata harusi ya binamu walikaa mahema tofauti.

Idda alipofika kibandani kwake, Flora alikuwa na wateja. Alimwona. Alimwona vizuri tu.

"Kamwene, wifi," Idda akasema. Hiyo salamu alijifunza sokoni.

"Shika huko," Flora akamjibu, akamtupia pindo la blanketi.

Idda akashika. Wakalikunjua, mteja akalitazama, akasema rangi hii hapana. Wakalikunja. Likaja lingine. Idda alishika mapindo, akakunjua, akakunja, kama msichana wa kazi aliyeanza leo, na wateja wakawa wanamwita "we dada, hebu geuza upande wa pili". Wateja walipoisha Flora akakaa juu ya robota.

"Nimesikia anaumwa. Habari zinafika Njombe."

"Anakuita, wifi."

"Nimesikia haongei."

"Neno moja anaongea. Dada."

Flora alikuwa anafuta vumbi mezani. Kitambaa kikasimama. "Dada? Yona?"

"Ndo hilo tu. Asubuhi mpaka jioni. Rejoice kalipima kwenye simu."

"Mimi ni mdogo wake. Toka tumezaliwa ananiita Flora. Akikasirika ananiita we." Aliangalia pembeni, kule kwenye mafungu ya maparachichi. Kitu kilikuwa kinapita usoni kwake polepole. "Dada," akasema tena, anajaribu kama mtu anayejaribu kiatu.

"Hali chakula, wifi. Nesi kasema tukichelewa tunampoteza."

"Mwambie salamu zimefika."

"Nikupigie magoti hapa?"

"Piga. Nimefagia."

Na Idda akapiga. Sketi yake nzuri, ya kanisani, kwenye sakafu ya soko. Muuza viatu wa jirani akaacha kuita wateja. Flora akaruka juu kama robota limeshika moto. "Inuka bwana! Inuka! Mama Rejoice, watu wanaangalia, watasema nini?"

"Waseme."

Flora akamwinua kwa kwapa. Wakabaki wameshikana hivyo, hakuna aliyejua atoe mkono saa ngapi.

Alikuja kesho yake mchana. Alikuwa amesuka nywele upya, kavaa kitenge kipya, amebeba kiroba cha viazi. Brayson na Rejoice wakampokea getini, "Shikamoo shangazi", "Marahaba, mmekuwa wakubwa wabaya nyie", na alikuwa anaongea haraka haraka, anacheka ovyo. Usiku mzima hakulala. Alikuwa anapanga. Atamwambia nimekusamehe. Hapana, atakaa kimya, yeye ndo aanze. Kumbe ananikumbuka. Kumbe katika maneno yote, amebaki na mimi.

Aliingia chumbani akapiga magoti pembeni ya kitanda. "Yona. Nimekuja. Umeniita nimekuja."

Yonathani akamtazama. Upande mzima wa uso ukainuka kidogo, ukafurahi, alimjua. Halafu macho yakampita, yakaenda mlangoni nyuma yake. "Dada," akasema. Sasa lilikuwa linatoka wazi.

"Nipo. Dada yako nipo hapa."

Kichwa kikakataa. Taratibu, kulia, kushoto. Macho mlangoni. "Dada."

Idda akaingia na viazi, vimechemshwa na maganda yake, vinafuka moshi, akaviweka kwenye stuli. Yonathani akaviangalia viazi. Akaangalia mlango. Akafunga mdomo.

Flora akageuka akautazama mlango. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mwanga mweupe wa nje na ukungu unaanza kurudi. Akarudi kuangalia viazi, akaangalia mlango tena, na pale pale kwenye magoti mabega yake yakashuka, yote mawili, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Ooh," akasema. "Ooh, Yona."

"Nini, shangazi?" Rejoice.

"Hiyo simu yako ina Kikinga?"

"Hapana. Kiswahili tu."

"Basi ndo maana." Flora alikaa chini kabisa, sakafuni, kitenge kipya na yote. "Kwetu dada ni baba. Tulikuwa tunasema hivyo, dada. Anamwita baba."

Rejoice akaitazama simu. Sauti ilikuwa imeshikwa sawasawa, herufi kwa herufi, haina kosa hata moja. Neno lilikuwa lenyewe. Ila lilikuwa limetoka mlango wa nyumba nyingine.

"Tulikuwa hatuli mpaka yeye aje," Flora akaendelea. Alikuwa haongei nao, anaongea na mguu wa kitanda. "Mama anaepua viazi, anafunika. Tunakaa. Njaa inauma, nje hata mkono wako huuoni. Tunasikia anakohoa huko bondeni, anapanda. Anaingia, anakung'uta miguu, anachukua kiazi kimoja, anauma. Ndo na sisi tunakula. Siku moja Yona aliwahi kuiba, alichapwa mpaka basi." Akacheka kidogo. "Yupo huko huyu. Anamsubiri dada aje ndo ale."

"Babu si yuko kaburini?" Brayson akauliza kwa sauti ndogo. "Tunamleta vipi?"

Flora akafuta uso kwa kiganja. Akamtazama kaka yake muda mrefu. "Mimi hukunisubiri," akamwambia, siyo kwa hasira. "Yeye unamsubiri."

Halafu akasimama. Nyuma ya mlango lilikuwa limetundikwa koti la Yonathani la dukani, zito, linanuka rangi na misumari. Akalivaa. Likamfika magotini.

Idda akaelewa. "Wifi, unataka kumdanganya mgonjwa?"

"Mimi nimedanganywa toka Njombe mpaka hapa, sijafa."

Akatoka. Wakasikia hatua zake kwenye kokoto, zinaenda mbali, zinanyamaza. Halafu huko kwenye ukungu mtu akakohoa. Kikohozi kizito, cha kifua kipana, kinapanda. Rejoice nywele zikamsimama. Yonathani akageuza kichwa kwenye mto. Hatua zikafika, miguu ikakung'utwa kizingitini, moja, nyingine, na mtu wa koti akaingia kichwa kimeinama, akasema "Kamwene" kwa sauti ya chini, akachukua kiazi, akauma, akatafuna.

Yonathani akafungua mdomo.

Walimlisha wakigombania kijiko. Alikula kiazi kizima na nusu, kimepondwa na maziwa, akalala usingizi wa kukoroma. Nje Idda alimkumbatia Flora na koti lake, na Flora akakubali kukumbatiwa, ila alikuwa anaangalia juu ya bega la wifi yake, mbali.

"Shangazi," Rejoice akasema, "samahani. Tulikwambia anakuita wewe."

"Niache kidogo, mwanangu."

Flora alikusudia kurudi Njombe kesho yake. Asubuhi alifunga kiroba chake, kufika getini akasikia Brayson anamwita: mzee kagoma. Akarudi, akavaa koti, akakohoa. Mchana tena. Jioni tena. Alimpigia msichana wake wa sokoni akamwambia fungua tu, nitakuja. Ikawa ndo kazi. Yonathani akaanza kupata rangi, Nesi Anneth akawa anatikisa kichwa, na Brayson akakuta la kusema mezani: "Shangazi bwana, kaja kuwa dada kwa Kiswahili, kabaki kuwa dada kwa Kikinga." Walicheka wote. Flora naye alicheka, halafu akaacha kabla ya wengine.

Maana kila akiingia mle ndani, kaka yake anamwangalia kwa mapenzi makubwa, na mapenzi hayo si yake. Anasimama ndani ya koti kama mtu aliyepokea barua ya jirani. Anauma kiazi, hakina ladha. Mtu aliyezikwa bila yeye kuwepo, sasa anamfufua mara tatu kwa siku.

Asubuhi ya Jumapili wengine wanajiandaa kwenda kanisani, akafika mlangoni na koti, akashindwa kukohoa. Alijaribu. Kikohozi hakikutoka. Akalivua, akalitundika, akaenda akakaa ukingoni mwa kitanda na kitenge chake cha juzi kilichokunjamana.

"Shangazi, atagoma," Rejoice akanong'ona.

"Na agome." Akachukua bakuli la uji akaliweka katikati yao, juu ya blanketi. "Yona. Niangalie mimi. Dada hayupo. Alikufa, ukamzika, mimi nilikuwa nakuja. Nilikuwa nakimbia, Yona. Hakuna mtu anapanda huko nje. Tupo wawili tu, mimi Flora."

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka kwenye miguu ya kitanda. Yonathani alimtazama. Aliangalia mlango, kwa muda mrefu, na usoni kwake ilikuwa kama mtu anayesikiliza bonde zima. Idda mlangoni alishika mkono wa Rejoice akaubana.

Halafu mkono wa kushoto ukatoka chini ya blanketi. Ukatafuta kijiko, ukakikosa, ukakishika kwa shida, ngumi nzima. Ukachota. Uji ukamwagika kwenye shuka, ukamwagika kwenye kitenge, kijiko kinayumba, na kilikuwa hakiendi kwenye mdomo wake. Kilikuwa kinakwenda kwa Flora. Kikamgonga kidevu kwanza. Flora akafungua mdomo.

Yonathani akaacha kijiko hapohapo hewani, macho kwa mdogo wake. Akamsubiri mpaka ameze.